Moyo mgonjwa unaweza kutunzwa pasipo kisu

Mwezi huu nitaanza na mzee mmoja wa kanisa letu hapa Likasi. Alifanya kazi miaka mingi chini ya ardhi, fundi wa kutega baruti. Sasa anakaa Panda, ana kashamba kadogo ka mihogo, na kila siku ya yenga alikuwa akipanda kwa miguu mpaka kanisani, wa kwanza kufika. Yenga moja alichelewa. Aliingia jasho linamtoka, mkono juu ya kifua. Nikamuuliza, "Baba, kuko nini?" Akanijibu: "Pasta, kila nikipanda mulima, kifua kinanikamata sawa vile mutu anakanyaga juu yake. Nikisimama kidogo, inaacha. Njo vile tangu mwezi wa tatu."

Tangu mwezi wa tatu! Na tulikuwa tumefika mwezi wa saba. Sababu gani alinyamaza? Kwanza, jirani alimwambia ni mtoto wa dada yake anayemfanyia mambo ya usiku kwa ajili ya kiwanja. Pili, mwingine akamwambia: "Ukienda lopitali watasema ni moyo, na ugonjwa wa moyo ni kupasua. Utatoa wapi dola za kwenda India?" Basi mzee akaona ni afadhali kutokujua kuliko kujua jambo lisilo na njia.

Ni kwa ajili ya neno hilo la pili ninaandika. Watu wengi katika kambi zetu wanaogopa kisu hata hawaendi kupimwa. Lakini wengi wenye ugonjwa wa moyo hawatunzwi kwa kisu. Wanatunzwa kwa kinini, kwa chakula, kwa kutembea, na kwa kupimwa kila mara. Nilipeleka maswali yangu kwa wanganga, nikasoma pia, na yale niliyoelewa nakuandikia hapa.

Tuweke majina sawasawa kwanza, kwa maana hapa kwetu kuna fujo. Infirmie akisema mtoto ana "anjini", anasema juu ya koo. Anjini ya kifua ni jambo lingine. Moyo ni nyama inayofanya kazi usiku na mchana, nao pia unahitaji kulishwa kwa damu kupitia mishipa yake midogo. Mishipa ile ikiwa myembamba kwa mafuta yaliyogandamana ndani, moyo unapata damu ya kutosha ukiwa umekaa, lakini ukipanda mlima, ukikasirika, ao ukibeba mfuko wa unga, damu haitoshi, na moyo unalia. Kilio chake ndicho maumivu yale: kubanwa katikati ya kifua, pengine yanapanda shingoni ao taya, pengine yanashuka mkono wa kushoto. Ukipumzika yanaisha kwa dakika chache.

Ugonjwa wa pili ni moyo kushindwa kazi. Ninyi watu wa mine mtanielewa upesi. Chini ya ardhi maji yanaingia kila saa, na kama pompi haivuti vema, maji yanapanda katika njia za chini kwanza. Mwili ni vilevile. Moyo ukichoka kusukuma, maji yanakaa miguuni, viatu vinakataa kuingia jioni. Kisha tumbo linajaa. Kisha maji yanafika mapafuni, na mtu hawezi tena kulala bila mito miwili ao mitatu, anaamka usiku anatafuta pumzi kwenye dirisha. Hapo ndipo jirani wanasema amekula sumu. (Kupumua kwa shida pengine ni kifua kikuu, ao ni vumbi la mine katika mapafu. Ndiyo sababu ya kupimwa, si kukisia.)

Turudi kwa mzee wetu. Alikubali kwenda. Munganga alimsikiliza, akampima tansio, akamfanyia elektro, akampa karatasi ya dawa. Katika dawa zile kulikuwa kachupa kadogo ka trinitrini, ya kuweka chini ya ulimi kifua kinapobana. Mjukuu wake anasoma sekondari. Alifungua karatasi iliyokuwa ndani ya boksi na kusoma jina lote kwa sauti. Mzee akaruka: "Nitrogliserini? Hii njo baruti! Nimeishika miaka mingi, leo munataka niikule?"

Alikuwa na haki. Ni kitu kimoja. Mtaliano Ascanio Sobrero alitengeneza nitrogliserini kule Turin mwaka 1847, na alipoionja kidogo tu kichwa kilimpiga vikali. Miaka 20 nyuma yake, katika 1867, Alfred Nobel wa Sweden akaichanganya na udongo wa namna fulani ili isipasuke ovyo, akaiita dinamiti. Ni dinamiti hiyo iliyopasua milima ya shaba katika dunia nzima. Watu wa fabriki za baruti waliumwa kichwa kila siku ya kwanza, wakizoea katikati ya juma, na baada ya kupumzika siku ya yenga wakianza tena kuumwa. Mafundi wa zamani wa hapa wanakumbuka: ukishika dinamiti kwa mikono mitupu ao ukiingia upesi katika moshi wake, kichwa kinapasuka.

Sababu ni kwamba dawa ile inafungua mishipa ya damu. Katika London, munganga William Murrell alijionjea mwenyewe, kisha akawapa wagonjwa wake kwa kipimo kidogo sana, na katika mwaka 1879 akatangaza kwamba inaondoa maumivu ya anjini ya kifua. Na angalia jambo hili: Nobel mwenyewe, alipozeeka, moyo ulimuuma, na wanganga wakamwandikia nitrogliserini. Katika 1896, mwaka aliokufa, alimwandikia rafiki yake juu ya mzaha huo wa maisha. Jinsi dawa inavyofanya kazi ilikuja kueleweka miaka mingi nyuma yake: mwilini inatoa hewa ya namna fulani inayoambia mishipa ilegee. Wenye elimu watatu wa Marekani walipewa zawadi ya Nobel mwaka 1998 kwa kuivumbua kazi ya hewa hiyo.

Nilimweleza mzee hayo yote. Alicheka, akasema basi ni haki yake, baruti ilimtumikisha, sasa itamtumikia. Na hivi ndivyo anavyoitumia, nawe ujue, kwa maana wengi wanakosea. Kwanza anaketi, kwa sababu dawa inashusha tansio na mtu aliyesimama anaweza kuanguka. Anaweka kinini chini ya ulimi, hakimezi, kinayeyuka pale. Kichwa kinaweza kuuma kidogo, si kitu. Kama nyuma ya dakika 5 kifua bado kinabana, hapo si wakati wa kungoja: ni kutafuta gari ao motokari kwenda lopitali, na njiani aongeze kama munganga alivyomwandikia. Maumivu yanayoendelea hata dakika 15 ao 20, pamoja na jasho na kutapika, ni mshipa uliozibika kabisa. Hapo, kama mtu hakatazwi aspirini, atafune kinini kimoja cha aspirini wakiwa njiani. Ile dawa anaiweka katika kachupa kake, si katika karatasi ya karanga, kwa maana jua na joto vinaiharibu.

Neno moja kwa wanaume, nanyi mama mtanisamehe. Barabarani wanauza vinini vya "nguvu za kiume". Mtu anayetumia trinitrini akimeza vile, tansio inaweza kuanguka ghafula mpaka afe. Usimfiche munganga wako jambo hilo kwa haya.

Lakini trinitrini inazima moto tu. Kuna dawa nyingine za kila siku: aspirini kidogo ili damu isigande, statini kwa mafuta ya damu, dawa za namna ya atenololi ao bisoprololi zinazofanya moyo upige polepole na kuchoka kidogo, amlodipini inayolegeza mishipa. Je, hizo zinaweza kushindana na kisu? Watu walijiuliza sana. Mwaka 2020 walitangaza matokeo ya kazi kubwa iliyofanyika katika nchi 37, kwa wagonjwa 5,179 ambao mishipa ya moyo ilikuwa imebanwa lakini hali yao imetulia. Nusu walitunzwa kwa dawa kwanza. Nusu nyingine walipewa dawa na pia kufunguliwa mishipa, wengine kwa waya na bomba dogo, wengine kwa kupasuliwa kifua. Nyuma ya miaka mitatu na zaidi, hesabu ya waliokufa ilikuwa karibu sawasawa pande zote mbili. Wale waliofunguliwa mishipa walipunguza maumivu zaidi, hilo ni kweli, hasa wenye kubanwa mara nyingi. Lakini mwenye anjini iliyotulia anayekaa Likasi na kumeza dawa zake vema, asifikiri amehukumiwa kufa kwa sababu hana tikiti ya ndege.

Na kutembea! Mwaka 1772 huko Uingereza munganga William Heberden alitoa kitabuni habari za ugonjwa huu, na katika kumbukumbu zake anasimulia mgonjwa mmoja aliyejipa kazi ya kupasua miti kwa msumeno nusu saa kila siku, akapona karibu kabisa. Miaka 250 imepita na wanganga wanasema lile lile: tembea kila siku, anza kidogo, simama kabla kifua hakijabana, ongeza polepole. Mzee wetu alianza kutoka mlangoni mpaka kwenye mti wa maembe wa jirani.

Sasa nifike pale ambapo kalamu yangu ni nzito.

Kabla ya mzee huyu kulikuwa na mama mmoja, mjane wa Kikula, muuzaji wa makala. Miguu ilivimba, tumbo likajaa, usiku anaketi kitandani. Huko lopitali walimpa dawa tatu ao ine, na katika majuma mawili maji yote yakatoka, akarudi sokoni, akashuhudia mbele ya kanisa. Tukaimba. Nyuma ya ibada alinikuta mlangoni: "Pasta, nilisha kupona. Niendelee tena na zile kinini, ao niache? Franka inakosa." Na mimi, ndugu msomaji, nilifurahi kwa ushuhuda wake, nikasema tu, "Mama, Mungu amekutendea." Sikusema aache. Lakini sikusema aendelee. Aliisikia kama ruhusa. Miezi miwili nyuma yake nilizika mama yule. Binti yake alinionyesha karatasi ya dawa, safi, imekunjwa ndani ya Biblia yake.

Nilisoma Shule ya Biblia miaka minne, na hakuna mtu aliyenifundisha kwamba kuna dawa inayokufanya usikie umepona wakati ugonjwa ungali pale. Lasix, yaani furosemidi, inakojolesha. Inatoa maji katika njia za chini ya mine, lakini pompi bado ni ile ile. Mtu anapokuwa mwepesi anasema, "Nimepona." Hajapona, ametolewa maji. Zinazosaidia pompi yenyewe ni zile nyingine, na hizo hazisikiki mwilini upesi. Ndiyo sababu watu wanaacha zile za maana na kubaki na ile ya kukojolesha.

Niseme kidogo juu yake. Kuna enalaprili na ndugu yake kaptoprili, ambazo wenye elimu walizipata kwa kuchunguza sumu ya nyoka mmoja wa Brazili. Sumu ile inashusha tansio ya anayeumwa, basi wakaigeuza kuwa dawa. Mwaka 1987, katika nchi za Sweden, Norway na Finland, walijaribu enalaprili kwa wagonjwa 253 wenye moyo uliochoka kabisa. Katika miezi 6, kati ya waliopewa kinini kisicho na dawa walikufa 44 kwa 100. Kati ya waliopewa enalaprili walikufa 26 kwa 100. Mwaka 1999 spironolaktoni ilionyeshwa kuwa inapunguza vifo kwa sehemu 30 kwa 100 kwa wagonjwa wazito, na mwaka ule ule bisoprololi ikaonyeshwa kuwa inaokoa vilevile, ijapokuwa zamani wanganga walikataza kabisa kumpa dawa ya namna ile mtu ambaye moyo wake umechoka. Tangu 2019 kuna dapagliflozini, ambayo mwanzo ilikuwa dawa ya ugonjwa wa sukari, nayo imepatikana kuwa inasaidia moyo hata wa mtu asiye na sukari. Hiyo bado ni ya bei kwetu. Lakini enalaprili, bisoprololi, spironolaktoni na furosemidi ni za zamani, zinatengenezwa na fabriki nyingi. Uliza bei ya kila moja kwa jina lake la dawa, si kwa jina la boksi.

Kaptoprili na enalaprili zinaleta kikohozi kikavu kwa wengine. Usiache kimya, rudi useme, watakubadilishia. Mama mwenye mimba asizimeze, zinamharibu mtoto. Na wenye kuzimeza pamoja na spironolaktoni wapimwe damu mara kwa mara, kwa maana potasiamu inaweza kupanda na kuusimamisha moyo. Kwa sababu hiyo hiyo wajihadhari na chumvi ya majivu ambayo mama wengine wanatia katika mboga ili zilainike. Majivu yana potasiamu nyingi.

Kuna dawa ya zamani zaidi, digoksini. Mwaka 1785 munganga Mwingereza William Withering aliandika kitabu juu ya ua linaloitwa digitali. Alisikia habari zake kutoka kwa mama mzee wa kijijini aliyetibu watu waliovimba kwa mchanganyiko wa miti zaidi ya 20. Withering alitafuta ni mti gani hasa unaofanya kazi, kisha akakaa miaka 10 akitafuta kipimo, kwa maana kidogo kinatibu na kingi kinaua. Ninawaambia hili wale wanaoniuliza juu ya miti yetu. Sidharau miti. Lakini yule anayekuuzia chupa sokoni, je, amekaa miaka 10 akitafuta kipimo?

Chumvi sasa. Hapa kwetu ni vita. Wazee Wasanga walichemsha chumvi kule Mwashya karibu na mto Lufira na kuiuza mbali, basi tunaipenda tangu zamani. Leo kuna makayabo, kuna samaki waliokauka kwa chumvi, kuna kile kibe tunachotia katika sombe na katika maharagi, na juu yake chumvi tena mezani. Chumvi inashika maji mwilini kama unga unavyoshika maji katika chungu cha bukari. Shirika la Afya la Dunia linasema mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kidogo kimoja, na hiyo ni pamoja na ile iliyofichwa katika kibe na katika samaki. Loweka makayabo usiku, mwaga maji, loweka tena. Mwenye moyo uliochoka aache kabisa. Bibi yangu alipojaribu juma la kwanza, watoto walisema sombe ni kama majani ya mbuzi. Juma la tatu hawakusema tena.

Na diklofenaki! Kila mtu Likasi anaimeza, kwa mgongo, kwa magoti, kwa uchovu. Hiyo na ibuprofeni zinashika maji na kupigana na dawa za moyo. Mwenye moyo uliochoka akiumwa mgongo, amwombe munganga dawa nyingine. Pombe vilevile, lutuku inachosha nyama ya moyo yenyewe, si ini tu.

Munganga alimwambia yule mama ajipime uzito kila asubuhi, na uzito ukipanda kilo 2 kwa siku tatu, arudi upesi, kwa maana hayo si mafuta bali ni maji. Nani kati yetu ana mashini ya uzito nyumbani? Lakini muuza unga sokoni anayo. Nimesema na mmoja wa Kikula, amekubali kupima wagonjwa wetu bila kulipa, asubuhi kabla wateja hawajafika. Asiyeweza kufika huko, aangalie tundu la mkaba wake na kamba za viatu.

Ugonjwa huu unatoka wapi kwetu? Ulaya wengi wanaufikia wakiwa na miaka 70, na chanzo ni mishipa iliyozibika. Kwetu si hivyo. Kati ya miaka 2007 na 2010 walichunguza wagonjwa 1,006 walioingizwa hospitali kwa moyo kushindwa kazi katika nchi 9 za Afrika, na Uganda na Kenya zilikuwamo. Umri wa katikati ulikuwa miaka 52. Wengi wao, karibu 45 kwa 100, chanzo kilikuwa tansio. Mishipa iliyozibika haikufika hata 8 kwa 100. Miaka 52, msomaji! Ni baba mwenye watoto bado shuleni. Na tansio haiumi. Mtu anabeba 18 kwa 11 miaka 10, anacheka, anacheza mpira, na moyo unasukuma kama mtu anayesukuma gari lililofungwa breki.

Ninyi vijana, msigeuze ukurasa. Nilisema anjini ya koo ni jambo lingine na anjini ya kifua, lakini koo nalo lina njia yake ya kufika moyoni. Koo linaloumizwa na mdudu fulani, lisipotunzwa, linaweza kuleta homa ya viungo, na homa ile inaharibu milango ya ndani ya moyo. Mtoto wa miaka 14 anachoka kama mzee. Milango ikiharibika sana ni kisu tu kinachoweza kuitengeneza. Lakini kabla ya hapo kuna penisilini. Huko Uganda ya kaskazini walichukua watoto na vijana 818 ambao milango yao ilikuwa imeanza kuharibika pasipo wao kujua. Nusu walidungwa penisilini ya kukaa mwilini kila majuma 4 kwa miaka miwili. Kwa waliodungwa, walioendelea kuharibika hawakufika hata mmoja kwa 100. Kwa wasiodungwa, walikuwa 8 kwa 100. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Sindano ile inauma, sikatai.

Na mama waliojifungua: kuvimba miguu na kukosa pumzi katika mwezi wa mwisho ao miezi mitano nyuma ya kuzaa si "damu chafu". Pengine ni moyo, na ukitunzwa mapema wengi wanapata nafuu nzuri.

Watu wananiletea pia karatasi za mambo mapya. Kuna mashini inayofunga miguu na mapaja kwa mikanda ya hewa, inayobana na kuachia kwa kufuata mapigo ya moyo, saa moja kwa siku, mara 35. Hiyo ni ya kweli. Inapunguza maumivu kwa wengine wenye anjini ambao dawa na kisu vimeshindwa, lakini ni ya gharama na haichukui nafasi ya dawa. Nyingine ni maji ya kudungwa ya "kusafisha mishipa". Dawa ile ni ya kutoa risasi na sumu za metali mwilini, kazi anayoijua munganga wa mine. Mwaka 2024 walitangaza jaribio la wagonjwa 1,000 wenye sukari waliokwisha kupigwa na moyo: risasi ilipungua kweli katika damu, lakini moyo haukupata faida. Usiuze kiwanja kwa ajili ya hiyo.

Wengine wananiuliza juu ya kobalti, kwa kuwa tunaishi na Shituru mlangoni. Ni kweli kwamba kobalti nyingi inaweza kudhuru moyo. Katika miaka 1965 na 1966, mjini Quebec huko Kanada, fabriki ilitia kobalti katika bia ili povu likae. Karibu watu 50, wanywaji wa kupita kiasi wasiokula vema, moyo uliwashindwa, na 20 wakafa. Na mwaka 2009 wenye elimu wa Lubumbashi pamoja na wa Leuven walitangaza kwamba katika mkojo wa watu wanaokaa karibu na mine na fabriki za Katanga kuna kobalti nyingi mno. Hiyo haisemi kwamba kila moyo uliochoka Likasi ni kobalti. Inasema tunawe mikono, tusilete nguo za kazi ndani, watoto wasioshe mawe, na wenye mamlaka wasilale.

Je, kisu hakihitajiwi kamwe? La. Kuna milango iliyoharibika, kuna watoto waliozaliwa na tundu la moyo, kuna anjini inayokuja mtu akiwa amekaa. Munganga akisema lazima, basi ni lazima, na siku hizi si India tu. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete tangu 2015, na Kampala wana yao tangu 1988. Lakini njia ya kufika huko inaanza na kupimwa hapa.

Kanisa letu limenunua mashini ya tansio. Dada mmoja infirmie anakaa chini ya mti nyuma ya ibada, na mzee wetu wa baruti ndiye anayepanga watu mstari, kachupa kake katika mfuko wa shati. Siku hizi anapanda tena kwa miguu, anasimama mara mbili njiani. Yenga iliyopita alinishika mkono mbele ya watu, akasema, "Pasta, weye unapimaka bengine tu. Ikala." Nikaketi. Ilikuwa 17 kwa 10. Dada akapima tena, ikawa ile ile. Nimeanza kumeza kinini siku ya pili ya juma hili, na kikohozi bado sijakiona.